Ua la Njano Kwenye Birika

Kofi lile Tsonka hajalisahau mpaka leo. Alimpiga binti yake jikoni, Jumanne asubuhi, mikono ikiwa bado na unga wa mkate, na vidole vinne vyeupe vikabaki kwenye shavu la Nevena.

"Vidonge unavitupa wapi?" alimuuliza. "Sema! Chooni? Kwa kuku?"

"Mama, ninavimeza. Si unasimama hapo hapo unaniangalia?"

"Naangalia mdomo. Nyuma ya shavu naonaje?"

Nevena hakulia. Alichukua taulo, akajifuta unga, akalikunja taulo na kulirudisha mahali pake. Alikuwa anakaribia miaka kumi na nane, mwembamba wa kutisha, lakini ulimi wake ugonjwa haukuugusa.

"Ningetaka kufa, ningehangaika kukusumbua kuhusu masomo ya kuendesha gari?" alisema, kisha akapanda chumbani kwake na mlango ukafungwa.

Simu kutoka hospitalini ilikuwa imelia nusu saa kabla. Aliyepiga alikuwa Daktari Ognyan, kijana mwenye kuongea haraka kama anayekimbizwa. Alimwambia Tsonka kwamba kiasi cha dawa kwenye damu ya Nevena kimeshuka tena, mara ya tano mfululizo. Ama mtoto hamezi vidonge, ama mwili wake unavikataa. Alhamisi wakubwa wa utafiti wanakaa, na wakiamua atoke, basi atatoka.

Akitoka, aende wapi? Hilo Tsonka hakuliuliza, maana jibu lake alikuwa nalo miezi mingi. Nevena ana saratani ya damu, ile aina inayokwenda taratibu, ambayo siku hizi mtu anaweza kuishi nayo mpaka akawa na wajukuu, mradi kidonge kinamkubali. Kidonge cha kwanza kilimkubali mwaka mmoja, kisha ugonjwa ukaamka. Ndipo Daktari Milkana Sarafova akamwingiza kwenye utafiti wa kidonge kipya, watu arobaini na mmoja katika nchi tatu. Nje ya utafiti huo kumebaki kupandikizwa uloto wa mifupa ya mtu mwingine, na mtu huyo hajapatikana. Nevena hana ndugu. Baba yake, anayejenga nyumba za watu Ujerumani, alipimwa, Tsonka akapimwa, wote hawafai vya kutosha. Kwa hiyo njia ilikuwa moja, na sasa inafungwa.

Tsonka akafanya anachofanya siku zote akiogopa. Akaweka birika motoni.

"Umempiga mgonjwa," alisema Bibi Gina, mama mkwe wake, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na jiko akimenya viazi. Hakupandisha sauti.

"Mama, naomba uniache."

"Nimekuacha. Mpelekee chai. Na uitie nzito, damu yake itulie."

Chai yenyewe kila nyumba ya kijiji cha Yavorishte inayo. Siku ya Enyovden, katikati ya kiangazi, wanawake hupanda mlimani jua halijachomoza, umande ukiwa juu ya majani, wakachuma mimea sabini na saba na nusu. Sabini na saba ni ya magonjwa yanayojulikana. Ile nusu ni ya ugonjwa ambao hauna jina. Kila nyumba ina ubishi wake kuhusu nusu hiyo ni ipi, na kwa Bibi Gina haikuwa na mjadala. Ni kantarion, ua dogo la njano ambalo ukilifikicha vidole vinageuka vyekundu. Ua lenye damu yake lenyewe. Sasa mtoto anaumwa damu, utampa ua gani lingine?

Kwa hiyo tangu Nevena augue, kikombe kimoja cha asubuhi kilikuwa vitatu kwa siku. Na kila majibu ya hospitali yalipokuja mabaya, Tsonka aliongeza kiganja kingine kwenye birika.

Alipeleka kikombe juu, akakiweka sakafuni nje ya mlango. Hakubisha. Aliporudi baadaye kikombe kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa amekasirika lakini amekunywa yote, kwa sababu mama ndiye aliyekileta. Hilo linamuuma Tsonka kuliko hata kofi.

* * *

Jumatano simu ililia tena. Safari hii alikuwa Daktari Sarafova mwenyewe, mwanamke ambaye hata akiongea mambo ya kufisha sauti yake haina pupa.

"Mama Nevena, nasikia mlipigiwa simu jana."

"Daktari, nimeshamwadhibu. Kuanzia leo namkagua mdomo kwa tochi, asubuhi na jioni. Naomba usimtoe."

"Umemwadhibu kwa kosa gani?"

"Si anatupa dawa?"

"Nani amesema anatupa?" Sauti ilibadilika. "Sikiliza, mama. Anayetupa dawa hutupa akichoka nayo. Leo anatupa, kesho anaogopa anameza. Damu yake ingekuwa inapanda na kushuka. Ya Nevena inashuka tu, kidogo kidogo, kama mtu anayeteremka ngazi. Wiki mbili alizolala wodini dawa ilikaa sawasawa. Ameanza kuteremka siku aliyorudi kwenu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kitu kiko nyumbani. Nimewaomba wakubwa waniachie mpaka Jumatatu. Jumapili nakuja."

"Unakuja wapi, daktari?"

"Kwako. Nataka kula mnachokula."

Tsonka alibaki na simu mkononi. Daktari huyu ana wagonjwa wodi nzima, ana maabara, ana wanafunzi wanaomfuata kama vifaranga, halafu apande saa tatu za kona za mlimani kuja kuangalia sufuria?

"Kwao hakuna jiko?" aliuliza Bibi Gina.

"Anatafuta kitu, Mama."

"Basi tuchinje jogoo, asije akakipata kwenye sahani tupu."

Siku tatu Tsonka alisugua nyumba hiyo. Alifua mapazia. Alitoa daftari la utafiti, lile ambalo kila siku huandika saa ya kidonge, chakula na joto la mwili, akalipitia ukurasa kwa ukurasa aone kama kuna aibu. Yeye aliishia darasa la nane, tumbaku ikamwita shambani, lakini mwandiko wake ni mzuri na mstari haupindi. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na swali: *Dawa nyingine au mitishamba ya tiba?* Na kila siku, kwa wiki kumi, ameandika: *Hakuna*. Alilisoma neno hilo akaridhika. Mitishamba ya tiba, alivyoelewa yeye, ni ile ya vijiboksi inayouzwa famasi na karatasi yake ndani. Kwake hakijaingia kiboksi hata kimoja.

Wewe mama unayesoma hapa, rudi nyuma kidogo uisome tena sentensi hiyo. Tsonka hakudanganya. Angedanganya ingekuwa afadhali, maana mwongo anajua anaficha nini.

* * *

Jumapili daktari alifika na gari ambalo bampa yake imefungwa kwa kamba. Hakuwa na koti jeupe. Alikuwa na buti za matope, sweta lililotoboka kiwiko na kisanduku cha plastiki chenye vichupa vingi. Nevena alimpokea getini.

"Mimi ndiye mtuhumiwa," alisema.

"Vizuri. Mtuhumiwa, nioneshe jiko."

Wakaingia. Tsonka alitegemea mkaguzi, mtu wa kukunja pua. Akaona mtu anayepiga magoti kwenye sakafu ya watu na kuchungulia chini ya sinki. Alichota maji ya kisima kwenye kichupa. Alilamba chumvi. Aliuliza jibini linatoka kwa mbuzi gani na mbuzi anakula wapi. Aliuliza sabuni. Aliuliza kama wanakula balungi, tunda linalovuruga dawa nyingi.

"Balungi?" Nevena alicheka, kicheko cha kwanza tangu Jumanne. "Hapa? Labda lidondoke kutoka kwenye ndege."

"Vidonge unamezea nini?"

"Maji, daktari," Tsonka alijibu upesi. "Maji matupu, kama mlivyosema. Saa moja kabla ya chakula."

Daktari aliandika kila kitu kwa penseli fupi. Baada ya saa mbili alikuwa na kurasa nne, na Tsonka aliona kwa macho yake kwamba hajapata kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, penseli mdomoni, akiangalia dirishani. Kesho ni Jumatatu.

"Tule," alisema Bibi Gina. "Mwenye njaa hafikiri."

Wakala jogoo, wakala mkate wa viazi uliokaangwa kwa jibini, wakala mtindi. Daktari alikula kila kitu mara mbili, akasifu, akamwambia Bibi Gina kwamba mama yake mwenyewe alikuwa mpishi wa gereji ya mabasi na hajawahi kuukausha mkate namna ile. Bibi Gina akalainika kama siagi.

Kisha Tsonka akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa Yavorishte hufanya mgeni akimaliza kula. Akaleta birika.

Daktari alikunywa funda moja. Akasimamisha kikombe hewani.

"Hii ni nini?"

"Chai," alisema Tsonka.

"Chai gani?"

"Chai tu, daktari. Chai ya nyumbani. Nikuongezee asali?"

"Nevena anakunywa?"

"Tangu aache kunyonya!" alijibu Bibi Gina kwa fahari. "Na tangu augue, vikombe vitatu, na chake ni kizito. Kijiko kinasimama."

Daktari aliweka kikombe mezani taratibu. Akaomba aoneshwe. Tsonka akafungua kabati, akatoa fungu la kantarion lililokauka limefungwa uzi mwekundu, na Bibi Gina, asije akapitwa, akanyanyuka kwenda kuchukua kichupa chake cha mafuta ambayo maua yale yale hulowekwa juani mpaka yawe mekundu.

"Ona," alisema, akikiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Lina damu. Ndiyo maana."

Daktari Sarafova alikivunja kiua kimoja kiganjani, akakinusa. Hakupiga kelele. Hakushika kichwa. Alimgeukia Tsonka, akavuta kiti karibu mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama Nevena, ini letu lina kazi ya kufagia. Kitu kigeni kikiingia, linakifagia nje. Dawa yangu inajua hilo, imepimwa ili iwahi kufanya kazi kabla ya kufagiwa. Ua hili likinywewa kila siku linamwamsha mfagiaji, linampa ufagio mara mbili. Kidonge kinaingia, kabla hakijakaa kimeshatolewa. Na ukizidisha ua, ufagio nao unazidi."

Tsonka alielewa. Angependa asielewe, lakini ilikuwa imesemwa kwa maneno ya kueleweka. Aliona viganja vyake vikiingia kwenye mfuko wa maua, kimoja, viwili, vitatu, kila majibu yalipokuja.

"Basi anayevitupa ni mimi," alisema.

Jogoo mwingine aliwika huko nje.

"Mama yangu aliishi miaka tisini na mbili kwa chai hiyo!" Bibi Gina alifoka ghafla. "Msije mkaniambia ni sumu."

"Si sumu, bibi," alisema daktari. "Ni dawa, tena dawa kali. Wapo watu wenye huzuni nzito ambao limewasaidia. Lingekuwa majani ya bure lisingepigana na kidonge changu likakishinda. Ila huyu mtoto hawezi kunywa vyote viwili."

"Na kile cha kwanza?" Tsonka aliuliza. "Kile kidonge cha kwanza, kilichomkataa. Nacho ni mimi?"

Daktari angeweza kumwongopea. Gari lilikuwa nje, safari ndefu, mwanamke mbele yake anangoja jibu. Wengi wangesema hapana, pole mama, wakaondoka.

"Sijui," alisema. "Inawezekana. Wakati ule kiasi cha dawa hatukukipima, kwa hiyo siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana. Lakini hili naweza kukuambia. Karatasi yangu ilikuuliza swali la kipumbavu. Niliandika 'mitishamba ya tiba' nikiwa ofisini, nikadhani nimeuliza. Nilipaswa kukuuliza mnakunywa nini mkikaa mezani. Kosa hilo ni langu, usilibebe lote peke yako."

Tsonka alisimama. Alichukua birika, akatoka uani, akalimwaga lote kwenye theluji iliyokuwa inayeyuka kando ya ukuta. Aliporudi alikwenda moja kwa moja alipokaa Nevena, akainama, akageuza shavu.

"Nipige," alisema.

"Mama, acha mambo yako."

"Nipige nakwambia. Mbele ya mgeni, kama ninavyostahili."

Macho ya Nevena yalikuwa yamejaa maji, lakini mdomo ulikuwa ule ule.

"Sikupigi. Utanisainia fomu ya shule ya gari."

"Na hilo gari utalipata wapi?"

"Nitafunga la kwetu kwa kamba, kama la daktari."

Daktari Sarafova akacheka mpaka akakohoa. Tsonka naye akacheka na kulia kwa pamoja, ameshika kichwa cha mwanawe kifuani, na hata Bibi Gina akaguna kitu ambacho hakikuwa matusi.

* * *

Wakubwa wa utafiti walitoa wiki tatu. Daktari alikuwa ameeleza kwamba ufagio hauwekwi chini siku moja, unahitaji siku kama kumi na nne bila ua hata punje.

Wiki hizo Tsonka hakujua mikono yake aipeleke wapi. Alizoea kuogopa kwa kutumia birika. Alimpigia daktari simu kuhusu limau. Akampigia kuhusu mnanaa. Akampigia kuhusu supu ya maharage ambayo Bibi Gina hutia kijani fulani.

"Kijani gani?" aliuliza daktari, hajachoka, saa saba mchana, huku nyuma yake kengele za mashine zikilia.

"Cha kawaida tu."

"Mama Nevena."

"Haya, haya. Nakileta kwenye mfuko."

Akakileta. Daktari alikipima, akasema hakina neno, wale. Na alichukua pia fungu zima la kantarion, akaliweka maabara na karatasi yenye jina la kijiji, kwa sababu alitaka kujua la mlima ule lina nguvu kiasi gani. Tsonka aliliona siku hiyo kwenye rafu, kati ya vichupa vya damu za watu, na uzi wake mwekundu. Alijisikia ajabu. Takataka yake ilikuwa imekaribishwa ndani kama mgeni.

Siku ya majibu walikaa kwenye benchi la korido, yeye na Nevena. Daktari Ognyan ndiye aliyetoka na karatasi. Safari hii hakuongea haraka. Alisimama mbele ya Nevena, masikio mekundu.

"Nilikudhania vibaya," alisema. "Samahani."

"Haya. Mengine?"

"Dawa imepanda. Imefika pale pale ilipokuwa ulipolala kwetu. Unabaki."

Tsonka aliinuka, mikono juu. Daktari Sarafova, aliyekuwa nyuma ya mlango na miwani juu ya nywele, hakumwacha aruke kwa furaha. "Ugonjwa bado umo," alisema. "Nisikufiche. Umepungua kidogo tu. Lakini sasa na dawa imo. Sasa ndiyo tunaanza kupigana kweli."

"Inatosha, daktari," alisema Tsonka. "Kwa leo inatosha."

Daktari akampa daftari jipya la miezi mitatu. Tsonka alilifungua palepale, mkono una mazoea. Chini ya ukurasa swali la zamani halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mistari mitatu mirefu ya kuandikia, na juu yake maneno haya: *Leo umekunywa nini, pamoja na chai ya nyumbani? Nani aliitengeneza, na ndani mna nini?* Daftari hilo sasa wanalo wagonjwa wote arobaini na mmoja, katika nchi zote tatu. Tsonka alipitisha kidole juu ya maneno. Mtu mwenye vyeti ukuta mzima alikuwa amekaa chini akasahihisha kazi yake kwa sababu ya birika la mwanamke wa darasa la nane.

Nevena alikwenda kutolewa damu. Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, mgeni, na mume wake aliyevaa barakoa, uso wa manjano, macho yamefumbwa. Mama huyo alitoa chupa ya chai kwenye kikapu, imevalishwa soksi ya sufu isipoe, akaanza kufungua kizibo.

"Anywe kidogo apate nguvu," alimwambia Tsonka, kama wanawake wanavyosemeshana hospitalini.

"Mna nini humo, mwenzangu?"

"Ah, chai tu."

Tsonka alinyoosha mkono, akaufunika mdomo wa chupa kwa kiganja. Mvuke ulimchoma, hakuutoa.

"Usimimine bado," alisema. "Inuka twende mlango ule pale, na chupa yako uje nayo. Yuko mtu humo ndani, atakuuliza vizuri."